Mifumo Ikizima: Jinsi ya Kuandaa Mpango wa Kuirejesha kwa Biashara ya Nairobi

Kati ya Julai 2023 na Juni 2024, mfanyabiashara wa Nairobi alijaribiwa karibu kila upande. Mwishoni mwa Julai 2023 wadukuzi walishambulia eCitizen, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, na huduma nyingine za malipo zikayumba siku hizo hizo. Tarehe 25 Agosti stima ikapotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Novemba na Desemba ikapotea tena. Aprili 2024 yakaja mafuriko, Mathare na Mukuru zikaumia zaidi. Tarehe 12 Mei kebo za intaneti za EASSy na Seacom zikakatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kubahatisha katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Kisha Juni 25, siku ya maandamano makubwa, maduka ya katikati ya jiji yakafungwa na intaneti ikadorora tena.

Hakuna hata tukio moja hapo lililoletwa na mwenye duka au mwenye ofisi. Hata hivyo, kuna waliorudi kazini baada ya saa chache na kuna waliokaa wiki nzima wakitafuta faili, na kilichowatofautisha kilifanyika mapema, siku ambayo kila kitu kilikuwa kinawaka vizuri.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta na mitandao ya biashara ndogo na za kati hapa jijini. Nikiuliza kuhusu mpango wa dharura, jibu ninalopewa mara nyingi ni, "Tuko na bakapu, si tuko sawa?" Nakala rudufu ni lazima, lakini ni sehemu moja tu ya mpango. Nakala haikuambii nani atairejesha, ataiweka kwenye mashine gani, mfumo upi urudi kwanza, wateja wataambiwa nini wakati wanasubiri, na yote hayo yatachukua muda gani. Mwongozo huu unafuata maswali hayo moja baada ya jingine. Hauhitaji kampuni kubwa wala idara ya teknolojia. Duka la dawa lenye kompyuta mbili linaweza kuufuata.

Hatua ya 1: Andika kila mfumo unaoishikilia biashara

Tumia daftari. Kaa na mtu wa kaunta, kisha mhasibu, kisha mtu wa stoo, mmoja mmoja, na uwaulize: ukifika asubuhi unafungua nini kwanza? Kikikosekana, unakwama wapi? Mwenye biashara akiulizwa peke yake hutaja seva, ile kompyuta kuu inayotunza data ya ofisi, na programu ya mauzo basi. Wanaofanya kazi ndio wanaojua kwamba mishahara iko kwenye faili ya Excel ndani ya laptopu ya mhasibu, au kwamba oda za wateja wa jumla huja kwa WhatsApp kwenye simu moja tu.

Orodha ya kawaida itakuwa na programu ya mauzo na stoo, programu ya uhasibu, barua pepe, tovuti, akaunti za mamlaka ya kodi KRA na mfumo wake wa ankara za kielektroniki, eTIMS, Paybill au tili, kamera za usalama, ruta, na hiyo simu ya WhatsApp. Kwa kila kimoja andika mambo manne: kiko wapi, nani ana nenosiri, kimesajiliwa kwa jina la nani, na mtoa huduma anapigiwa simu kwa namba gani.

Hilo la jina lisajiliwalo nalisisitiza kwa sababu linaumiza biashara nyingi kimyakimya. Jina la tovuti, lile linaloishia na .co.ke, mara nyingi lilisajiliwa miaka iliyopita na kijana aliyetengeneza tovuti, kwa barua pepe yake mwenyewe. Ilani za kulipia upya zinamwendea yeye. Siku jina hilo likiisha muda, tovuti inapotea na barua pepe zote za ofisi zinakoma nayo, hata kama kompyuta zako zote ni nzima. Muulize msajili wako wiki hii jina limeandikwa kwa nani, na uombe libadilishwe liwe la kampuni. Fanya hivyo hivyo kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mfanyakazi aliyekwisha kuondoka.

Hatua ya 2: Kwa kila mfumo, jibu maswali mawili

Swali la kwanza: tunaweza kukaa muda gani bila mfumo huu kabla ya kuumia? Swali la pili: tunaweza kukubali kupoteza kazi ya muda gani, yaani yaliyoingizwa kati ya nakala ya mwisho na ajali? Watu huyachanganya maswali haya, na wakiyachanganya hununua vifaa visivyowafaa.

Chukua duka la jumla la vipuri vya magari pale Kirinyaga Road. Tuseme linauza shilingi 400,000 kwa siku, na faida kabla ya gharama ni asilimia 15, yaani shilingi 60,000. Mfumo wa mauzo ukizima siku tatu na duka lisiuze kitu, shilingi 180,000 zimekwenda, huku kodi ya nyumba na mishahara ikibaki pale pale. Lakini duka hilo hilo linaweza kuuza kwa kitabu cha risiti cha kaboni kwa nusu siku, pengine siku nzima, kama kuna orodha ya bei iliyochapishwa. Kwa hiyo mfumo wa mauzo unaweza kuzima kwa saa kadhaa bila maafa.

Sasa tazama daftari la madeni kwenye kompyuta hiyo hiyo. Mafundi wa gereji wamechukua vipuri kwa mkopo, tuseme jumla ni shilingi 900,000. Mwenye duka anaweza kukaa siku mbili bila kulifungua daftari hilo na asidhurike. Akipoteza maingizo ya wiki moja tu, hata hivyo, hana namna ya kujua nani alichukua nini, na hatakwenda kumdai mtu kwa kukisia. Mfumo wa mauzo unahitaji kurudi haraka. Daftari la madeni linahitaji nakala za mara kwa mara. Mahitaji hayo ni tofauti na gharama zake ni tofauti.

Ukimaliza, panga mifumo kwa mfuatano wa kurejeshwa. Usiruhusu kila kitu kiwe "cha kwanza". Fundi mmoja ana mikono miwili, na siku ya janga kila idara itamvuta kwake.

Hatua ya 3: Pima hatari za hapa ulipo

Anza na stima, kwa sababu ndiyo inayotupata mara nyingi. Kupotea kwake kunaudhi, lakini kurudi kwake ndiko kunakoua vifaa: umeme unarudi kwa nguvu isiyo sawa, unapotea tena, unarudi tena. Seva iliyozimika ghafla katikati ya kuandika data inaweza kuwaka ikiwa na hifadhidata iliyoharibika. UPS, kile kifaa chenye betri ya akiba, inakupa dakika chache, na kazi ya dakika hizo ni kuzima seva kwa utaratibu, wala si kuendelea kufanya kazi. UPS nyingi zina waya wa kuunganishwa na seva ili seva ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha. Nakuta waya huo ungali ndani ya boksi, haujafunguliwa. Uunganishe. Betri nazo huchoka baada ya miaka 3 hadi 5, kwa hiyo andika tarehe ya kununua juu ya kifaa chenyewe kwa kalamu ya wino mzito.

Kama una jenereta, iwashe kila wiki ikiwa imebeba mzigo halisi wa ofisi. Ile siku ya Agosti 2023 uwanja wa ndege ulikuwa na jenereta, ila iliyokuwa ikihudumia sehemu ya abiria ilikataa kuwaka. Iliyowaka juzi ndiyo unayoweza kuitegemea leo.

Maji: seva isikae sakafuni, wala kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, wala chini ya bomba la maji au tangi la paa. Kuinyanyua mita moja juu hakugharimu kitu. Moto: soko la Gikomba limeungua mara nyingi, na waliokuwa na hesabu zao ndani ya kibanda kile kile walipoteza bidhaa na ushahidi wa bidhaa kwa pamoja. Wizi: diski za laptopu zifungwe kwa nenosiri, ili mwizi apate chuma tu bila taarifa za wateja.

Wadukuzi wanastahili maelezo zaidi. Njia iliyozoeleka ni barua pepe inayofanana na ankara ya msambazaji unayemjua. Mtu wa akaunti anaifungua, anabofya, hakuna kinachoonekana. Mdukuzi ameshaingia. Anaweza kukaa siku kadhaa akizunguka ndani ya mtandao, akitafuta nakala zako ziko wapi. Akizipata anaziharibu kwanza, kisha ndipo anafunga faili zote kwa usimbaji, yaani anazigeuza zisisomeke bila ufunguo wake, na kukuachia ujumbe wa kudai pesa. Hilo la kuanza na nakala ndilo watu wengi hawalijui, na ndilo linaloamua hatua inayofuata.

Mwisho kuna kosa la kibinadamu: faili iliyofutwa, jedwali lililoandikwa juu ya jingine. Mimi naliona hili mara nyingi kuliko moto na mafuriko yakijumlishwa, kwa hiyo mpango wako uweze kurudisha faili moja kama unavyoweza kurudisha seva nzima.

Hatua ya 4: Tengeneza nakala zitakazosalimika

Kanuni inayotumika duniani kote ni rahisi: nakala tatu za data, kwenye aina mbili za hifadhi, na moja iwe mahali pengine. Mimi naongeza sharti la nne, kwamba angalau moja isiwe imeunganishwa na mtandao wowote.

Kila sharti lina historia yake. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao zilikuwa katika eneo lile lile. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulipoteza mifumo yake ndani ya Google Cloud kwa sababu ya mpangilio uliokosewa upande wa mtoa huduma. Kwa mujibu wa tamko la kwanza la UniSuper na Google, walikuwa na nakala katika maeneo mawili ya Google, na zote mbili zilifutwa. Miongoni mwa vilivyowaokoa ni nakala waliyokuwa nayo kwa kampuni nyingine kabisa. Na bado ilichukua zaidi ya wiki moja kurudi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha barani kwetu. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya ilisambaa ndani ya mtandao wa kampuni ya meli ya Maersk. Ililazimu kuweka upya takriban seva 4,000 na kompyuta 45,000. Data nyingi zilikuwa na nakala, lakini seva zinazotambua watumiaji wa mtandao mzima zilikuwa zimepangwa kunakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zikafutika zote kwa mpigo. Isipokuwa moja. Iliyokuwa Ghana ilikuwa imezimwa na kukatika kwa umeme kabla ya shambulio kufika, na kwa hiyo ikabaki salama. Mtandao wa ofisi ile ulikuwa mwembamba mno kuituma data hadi Uingereza, tena hakuna mfanyakazi wa pale aliyekuwa na viza, ikabidi mmoja wao asafiri hadi Nigeria akamkabidhi diski mwenzake, naye akapanda ndege kwenda London. Kampuni kubwa kiasi hicho ilisimama tena kwa sababu ya seva moja iliyokuwa nje ya mtandao kwa bahati. Biashara yako inaweza kuifanya bahati hiyo kuwa utaratibu wa kila wiki.

Kwa biashara ya kawaida ya Nairobi napendekeza hivi. Nakala ya kwanza ifanyike kila usiku kwenye kifaa kingine ndani ya ofisi, kwa ajili ya makosa madogo. Nakala ya pili iende kwenye hifadhi ya wingu, yaani ya mtandaoni, kwa akaunti yenye nenosiri lake pekee ambalo halitumiki kwenye kompyuta za ofisi. Kwa nakala ya tatu, nunua diski mbili za nje, moja uiandike A na nyingine B. Ijumaa A inachomekwa, inanakili, inachomolewa, inaondoka na mkurugenzi kwenda nyumbani. Ijumaa inayofuata ni zamu ya B. Zote mbili ziwe zimefungwa kwa nenosiri, maana zinabeba majina na namba za simu za wateja wako.

Kuna mambo matatu yanayowaponza wengi hapa.

La kwanza, folda inayojisawazisha yenyewe na wingu si nakala rudufu. Ukifuta faili kwenye kompyuta, inafutika na kule. Mdukuzi akiifunga, iliyofungwa ndiyo inayopanda. Google Drive hushikilia kilichofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha kinapotea. Hitaji lako ni hifadhi inayotunza matoleo ya zamani kwa miezi. Rekodi za kodi zenyewe sheria ya Kenya inataka zitunzwe miaka 5.

La pili, usinakili faili za programu ya uhasibu au hifadhidata wakati watu wanaitumia. Utapata faili yenye ukubwa sahihi ambayo haifunguki. Tumia kitufe cha programu yenyewe cha kutengeneza nakala, au mwombe aliyekuuzia akuwekee kifanye hivyo usiku.

La tatu ni hesabu ya kasi, ambayo karibu hakuna anayeifanya. Tuseme una data ya gigabaiti 500 kwenye wingu na intaneti yako inashusha megabiti 20 kwa sekunde. Kuirudisha yote kutachukua saa 55 na zaidi, zaidi ya siku mbili usiku na mchana, na hapo intaneti isikatike. Kama jibu lako la Hatua ya 2 lilikuwa "saa nne", wingu peke yake halitoshi, unahitaji nakala iliyo karibu. Kumbuka pia kwamba huduma nyingi za wingu zinazotumika hapa zina vituo vyake Johannesburg au Cape Town. Mei 2024 kebo zilipokatika upande wa Durban, njia ya kwenda kule ndiyo iliyobanwa.

Hatua ya 5: Amua mtafanyaje kazi mifumo ikiwa bado haijarudi

Weka kaunta kitabu cha risiti chenye namba, kalamu, na orodha ya bei inayochapishwa upya kila mwanzo wa mwezi. Mauzo ya mkono yaandikwe saa na jina la aliyeuza, ili yaingizwe kwenye mfumo baadaye bila kurudiwa. Muulize aliyekuuzia programu ya ankara za eTIMS: mtandao usipokuwepo, ankara zinahifadhiwa na kutumwa baadaye, au zinagoma kabisa? Jibu linategemea aina uliyowekewa, na ni bora kulijua leo.

Intaneti ya pili ipite njia nyingine kweli. Kampuni mbili za faiba zikipita kwenye nguzo zile zile za mtaa wako, lori moja likigonga nguzo umekosa zote. Faiba pamoja na data ya simu, au faiba pamoja na satelaiti, ni mchanganyiko ulio salama zaidi. Hakikisha pia kwamba ruta ina stima ya akiba. Nimeona ofisi zenye laptopu zilizojaa chaji na ruta iliyozimika.

Na kama jengo lenyewe halifikiki? Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolenga ubalozi wa Marekani liliharibu vibaya hata jengo jirani la Benki ya Ushirika, na benki ikalazimika kuhama. Si lazima ukodi ofisi ya pili. Kubaliana na mfanyabiashara mwenzako wa mtaa mwingine, au andaa nyumba ya mmoja wenu, na muandike: nani atakwenda pale, na laptopu ipi.

Hatua ya 6: Andika mpango wenyewe, kwa karatasi

Kurasa tatu au nne zinatosha. Ukurasa wa kwanza useme nani ana mamlaka ya kutangaza kwamba hili ni janga, na nani anachukua nafasi yake akiwa safarini. Nimeona saa nzima ikipotea kwa sababu fundi anamsubiri mkurugenzi, na mkurugenzi anamsubiri fundi. Kisha majina na namba za simu: fundi, mtoa intaneti, mwenye nyumba, Kenya Power pamoja na namba ya akaunti au mita, benki, bima. Kisha ule mfuatano wa mifumo. Kisha maelekezo ya kurejesha kila mmoja, yaliyoandikwa kwa lugha ambayo fundi mgeni anaweza kuifuata bila kumpigia mtu.

Maneno ya siri makuu yawekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye sefu au kwa wakili, na yawe na watu wawili wanaoruhusiwa kuyafungua. Angalia hasa zile namba za uthibitisho zinazotumwa kwa simu: kama zote zinaingia kwenye simu moja, simu hiyo ikiibwa kwenye matatu biashara nzima imefungiwa nje. Chapisha nakala tatu za mpango. Moja ofisini, mbili nje. Mpango uliopo kwenye seva pekee hautasomeka siku seva imezima.

Hatua ya 7: Jaribu kurejesha

Ukipata nafasi ya kufanya hatua moja tu kwa moyo wote, iwe hii. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya data huoza isipofunguliwa. Diski huharibika ikiwa kabatini, kazi ya usiku hugoma bila kumwambia mtu, na folda mpya husahaulika nje ya nakala.

Hata walio mahiri yamewapata. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, jukwaa linalotumiwa na waandishi wa programu duniani kote, alifuta hifadhidata hai akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walikuwa na njia tano za kutunza nakala, na hakuna iliyofanya kazi kama walivyotarajia. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi huyo alikuwa ameichukua saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine.

Jaribio lenyewe linakwenda hivi. Jumamosi mchana, duka limefungwa. Fundi analeta laptopu isiyo na kitu, mwenye duka anakaa kando na saa na daftari. Seva ya kawaida haiguswi.

"Fundi, si diski iko hapo? Weka tu irudi."

"Sawa, bosi. Saa nane na dakika tano, andika. Programu inataka namba ya leseni. Iko wapi?"

"Ilitumwa kwa imeli."

"Imeli inaomba namba ya uthibitisho. Inaingia kwa simu ya nani?"

"Ya yule kijana aliyetoka Januari."

Hapo jaribio limeshalipa gharama yake, kabla hata data haijaguswa. Andika kikwazo, tafuta njia, endelea. Programu ikifunguka, usiridhike kwa kuona skrini yake. Fungua ankara ya mwisho ya Ijumaa, iko? Toa jumla ya madeni, inalingana na ile iliyochapishwa Ijumaa jioni? Chapisha risiti moja. Tafuta mteja mmoja wa mwaka juzi. Kisha andika saa ya kumaliza, uilinganishe na jibu ulilotoa kwenye Hatua ya 2. Kama ulisema saa nne na imekuwa saa tisa, ama badilisha vifaa, ama ukubali saa tisa na uongeze vitabu vya risiti.

Jaribio kamili kama hilo lifanyike angalau mara mbili kwa mwaka. Kila mwezi, rejesha faili moja tu uliyoichagua bila mpango. Na rudia kila mara unapobadilisha programu, unapohama ofisi, au mtu mwenye funguo anapoacha kazi.

Hatua ya 8: Jua la kufanya saa ya kwanza

Ukiona faili zimebadilika majina na ujumbe wa kudai pesa umetokea, chomoa waya za mtandao na uzime Wi-Fi kwa kila kompyuta. Piga picha ujumbe huo kwa simu. Usifute kitu, usianze kuweka programu upya, kwa sababu ushahidi wa mdukuzi aliingiaje uko humo. Na kwa hali yoyote usichomeke diski A wala B kwenye mashine iliyoambukizwa. Nakala nzuri zimepotea namna hiyo, mtu akiwa na haraka ya kuangalia kama ziko salama. Zitafunguliwa kwenye kompyuta safi, baada ya mlango aliopitia kufungwa. Kulipa hakukuhakikishii kurudishiwa data, na kunamjulisha mdukuzi kwamba wewe hulipa.

Kama taarifa za watu zimevuja au kuchukuliwa na wanaweza kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa saa 72 tangu ujue, uwe umemwarifu Kamishna wa Data, na wahusika nao waarifiwe. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayetunza data za watu awe na uwezo wa kuzirejesha kwa wakati baada ya ajali, kwa hiyo mpango huu ni sehemu ya wajibu wako. Rasimu ya barua kwa Kamishna na ujumbe mfupi kwa wateja uandikwe sasa, uwekwe pamoja na mpango. Kituo cha KE-CIRT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano hupokea taarifa za mashambulio na kutoa ushauri. Na wafanyakazi waambiwe kwamba anayebofya kiungo kibaya na kusema mara moja hataadhibiwa. Mtu anayeogopa atanyamaza hadi Jumatatu, na mdukuzi atakuwa amepata siku tatu.

Pesa zikiwa chache, anza wapi

Mwezi wa kwanza, nunua zile diski mbili kule Luthuli Avenue, kwa duka linalotoa risiti na dhamana, na uanze zamu za Ijumaa. Andika orodha ya Hatua ya 1. Badilisha usajili wa jina la tovuti. Mwezi wa pili, fanya jaribio la Jumamosi, kwa sababu litakuonyesha shilingi inayofuata iende wapi: kama kilichokuchelewesha ni intaneti, mashine, au leseni iliyopotea. UPS ya seva na hifadhi ya wingu zifuate hapo. Jenereta, kituo cha data cha kukodi kule Mombasa Road na laini ya satelaiti ni za biashara ambayo hesabu yake ya Hatua ya 2 inaonyesha wazi kwamba siku moja ya kuzima inagharimu zaidi ya gharama ya vitu hivyo kwa mwezi.